Dhiraa Tatu za Maji

Mliponitembelea hapa Buswelu mwezi uliopita, mmoja wenu aliniuliza swali huku ameshika kikombe cha chai, nami nikalikwepa. Aliuliza: "Mama Minza, kwa nini kwenye ile taarifa ya ziwa jina lako ni la tatu, wakati kazi uliiongoza wewe?" Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa. Ninyi ni vijana waungwana, mkanywa. Lakini mnaanza kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lile lina jibu, kwa hiyo nimekaa kuwaandikia. Ndani ya jibu hilo kuna aibu yangu. Msiiruke.

Kwanza neno kwa wale ambao ndugu zao bado wanawauliza wanafanya kazi gani hasa. Mama yangu kule Magu alifariki akiamini mimi ni mwalimu wa shule, na nilimwacha aamini hivyo kwa sababu maelezo yalikuwa marefu. Sisi tunatafuta historia ya sayansi. Tunataka kujua watu waliotutangulia, wa hapa na wa kwingine, walijuaje yale waliyoyajua. Walipima kwa nini, walihesabu vipi, waliandika wapi, na kama hawakuandika, waliyaweka wapi yasipotee.

Hayo nayasema leo kwa urahisi. Nilipoajiriwa, kitengo chetu kilikuwa chumba kimoja chenye rafu mbili. Rafu ya kushoto ilibandikwa karatasi iliyoandikwa "Sayansi". Ya kulia ilibandikwa "Mila na Imani". Mmisionari wa Kijerumani akiandika kwamba jana mvua ilinyesha, anakwenda kushoto. Mzee wa Kisukuma akisema kwamba jana mvua ilinyesha, anakwenda kulia. Nilipanga majalada kwenye rafu hizo kwa miaka mingi, tena kwa unadhifu, wala sikuona kichekesho.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mkuu wangu. Alikuwa Mzee Magesa, Mjita mmoja mfupi, mstaafu wa idara ya maji. Kazi yake yote ya ujana ilikuwa kusoma ubao wa kipimo uliosimikwa ziwani, asubuhi na jioni, na kuandika maji yamefika wapi. Kitengo kilimchukua kwa mkataba atusaidie kuelewa madaftari ya zamani. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Ukimtajia namba yoyote, anakuuliza ni namba ya nini.

Siku ya kwanza alinisalimia, akaniuliza umri. Nikasema, "Ishirini na sita."

"Ishirini na sita nini?"

"Miaka, mzee."

"Ungesema. Nilidhani mbuzi."

Nikacheka. Baada ya wiki tatu sikucheka tena. Nikisema nimeona barua nne, anauliza nne nini, za nani, kurasa au bahasha. Nilidhani ni uzee. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ananipa kazi yote mkononi, nami nikawa nadhani ananitania.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Kwenye kisiwa cha Ukerewe, mbali kidogo na Nansio, kulikuwa na kijiji kisichokuwa na shule. Watoto walitembea mpaka kijiji cha pili, na wadogo wengi waliishia njiani, hasa msimu wa mvua. Hatimaye kijiji kikakubaliana kujenga. Uwanja ulipatikana karibu na ufuko, mahali tambarare, udongo laini, maji ya kuchanganyia saruji yako pale pale. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mazigo, alikuwa mtu wa vitendo, na alikuwa ameshawapanga watu kwa zamu za kubeba mawe.

Mtu mmoja tu alipinga. Aliitwa Mama Veneranda Nyanjura, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo. Alisema uwanja ule si nchi kavu, ni mali ya ziwa, na ziwa likijaa litakuja kuichukua. Alisema miaka ile mara baada ya Uhuru, ziwa lilipojaa, yeye akiwa msichana, familia yake iliishi jirani na pale na walichota maji mlangoni.

Hakuna aliyebisha kwamba ziwa lilijaa miaka ile. Kila mtu wa kanda hii amesikia. Ubishi ulikuwa lilifika wapi. Watu wengi wa kijiji kile walihamia wakati wa vijiji vya ujamaa, kwa hiyo hawakuyaona maji yale kwa macho yao. Na kulikuwa na jambo jingine: shimo la udongo wa Mama Veneranda, ule aliofinyangia vyungu, lilikuwa kwenye uwanja ule ule. Shule ikijengwa, shimo linafukiwa. Kwa hiyo watu walisema, kwa sauti ya kutosha ili asikie, kwamba mama huyu halilii ziwa, analilia chungu chake.

Bwana Mazigo alisikia kwamba kuna watu Mwanza wanaochunguza vipimo vya kale vya ziwa. Akapanda kivuko, akaja ofisini na barua yenye mhuri, akaomba tuwaambie ukweli. Mkuu wangu akanikabidhi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sijawahi kuombwa ukweli na kijiji kizima, nikavimba kichwa.

Jalada la serikali la miezi ile ya mafuriko nililikuta limeliwa na mchwa katikati, limebaki jalada la mbele na la nyuma kama andazi lililokombwa. Lakini nilikuwa na hazina nyingine. Katika mitaa ya katikati ya mji wa Mwanza aliishi Bi Zuhura, binti wa mfanyabiashara wa nguo ambaye babu zake walikuja kutoka pwani kwa njia ya Tabora. Baba yake alikuwa na ghala karibu na maji, na kwa kuhofia marobota yake alikuwa akipima ziwa kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari. Aliandika Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu. Alipimia kwenye jiwe moja kubwa lenye kibaraza ambapo mitumbwi ilifungwa, na jiwe lile lipo mpaka leo. Wakati huo wa kwetu maji yalikuwa yanalamba kibaraza kile barabara, hayazidi wala hayapungui. Na ziwa ni moja: likipanda Mwanza limepanda Ukerewe. Kwa hiyo nikipata namba ya daftari, nina jibu la kijiji.

Nilipokwenda, Bi Zuhura alikuwa amesafiri kwenda msibani Tabora. Mkwewe alinifungulia, maana ruhusa nilikuwa nimeshapewa. Mimi herufi zile sizijui, nikaja na kijana mwalimu wa madrasa. Kivuko cha kwenda Nansio kilikuwa kesho yake asubuhi. Nikamwambia yule mwalimu, "Nisomee tarehe na namba tu. Maneno tutayasoma siku nyingine."

Wanangu, kama mtasahau yote niliyoandika hapa, sentensi hiyo msiisahau, na msije mkaisema.

Akasoma. Kurasa zilikuwa na namba kwenye safu nadhifu, mtu yule alikuwa na mwandiko mzuri. Kilele cha mafuriko, maji yalikuwa yamepanda juu ya kibaraza: tatu. Nikamuuliza, "Tatu nini?" Angalau hilo nilikuwa nimejifunza kwa Mzee Magesa.

Mwalimu akasita. "Nadhani shibiri. Wazee wengi walipima kwa shibiri."

Nikaandika: *shibiri tatu*. Ile "nadhani" sikuiandika.

Shibiri ni upana wa kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri tatu hazipiti paja la mtu mzima. Nilipofika kijijini nilimchukua fundi, tukapima uwanja kwa mpira wa maji, ule mpira mrefu unaoonyesha ndani ambao mafundi hujaza maji na kulinganisha usawa wa ncha moja na nyingine. Uwanja ulikuwa juu ya ziwa kwa kimo cha kiuno changu. Maji ya mafuriko makubwa kuliko yote yangefika pajani. Kiuno kimeshinda paja. Shule iko salama.

Nilisema hivyo mbele ya mkutano wa kijiji. Nilisema vizuri, nilikuwa na karatasi, nilionyesha mchoro. Mama Veneranda alikuwa amekaa mbele na wenzake wafinyanzi.

"Binti," akasema, "mimi maji nilikanyaga. Hapo hapo."

Nikamjibu kwa heshima, nikidhani ni heshima. "Mama, shikamoo. Kumbukumbu ni kitu kizuri, lakini wakati mwingine mtoto huona maji kuwa makubwa kwa sababu yeye ni mdogo. Hapa tuna maandishi ya siku yenyewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Ndiyo ile aibu niliyowaambia.

Mama Veneranda alisimama, akajifunga kanga upya, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. "Sawa," akasema. "Karatasi imeshinda. Ila mimi sitampeleka mjukuu wangu kusoma ndani ya ziwa." Akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Wiki iliyofuata wakaanza kuchimba mtaro wa msingi.

Nilirudi Mwanza nikaandika taarifa yangu, nikaipiga chapa, nikaifunga vizuri. Mzee Magesa alikuwa likizo kwao Majita wakati huo. Sikumsubiri. Karibu miezi miwili baadaye, Bi Zuhura alikuwa amesharejea, nikaenda kumshukuru na kumpelekea nakala, maana hiyo ni desturi ninayoipenda mpaka leo: ukichukua kitu cha mtu, mrudishie ulichokifanya nacho, tena umsomee.

Alinikaribisha sebuleni, akaleta daftari la baba yake lililofungwa kitambaa. Kabla sijalishika nililamba kidole nifunue ukurasa, akanipiga kofi dogo la mkono. "Mate yako ubaki nayo mwenyewe. Kitabu hiki kimeokoka mchwa na mafuriko, usikiue kwa mate." Tangu siku hiyo sijalamba kidole mbele ya karatasi, na ninyi nikiwaona mnalamba nitawapiga hilo hilo kofi.

Nikamsomea taarifa. Alisikiliza, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika kila nilipomtaja marehemu baba yake. Nilipofika kwenye shibiri tatu, kichwa kikasimama.

"Shibiri? Nani kakwambia shibiri?"

"Mwalimu aliyenisomea, Bi Zuhura."

"Minza mwanangu, baba yangu alikuwa anauza nguo. Ushaona wapi mwenye duka la nguo anapima kwa kiganja?" Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule ambao mimi niliuruka kwa sababu haukuwa na namba. Akasoma kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sauti ya mtu anayemsikia baba yake: kwamba anaanza kupima maji kwa jina la Mwenyezi Mungu, juu ya kibaraza cha jiwe, kwa fimbo ya dukani, dhiraa kwa dhiraa.

Kisha akaingia ndani, akarudi na fimbo yenyewe. Mti mweusi uliolainishwa na mikono, wenye alama ya shaba kwenye kila ncha. Akaiweka kwenye mkono wangu. Ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Hiyo ndiyo dhiraa. Ni shibiri mbili.

"Wewe," akasema Bi Zuhura, bila hasira, "ulichukua namba ukaacha maneno."

Nilikaa na fimbo ile mapajani nikahesabu. Tatu mara mbili ni sita. Maji hayakufika pajani. Yalifika juu ya kiuno, karibu na kifua. Kwenye uwanja ule wa shule yangesimama kwenye magoti ya mtu mzima, na watoto wa darasa la kwanza si watu wazima. Chai aliyonipa niliacha nusu, na si kawaida yangu.

Sikwenda ofisini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Magesa, Mkolani, nikamkuta anapalilia mchicha nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikemea. Alisugua udongo kwenye vidole akauliza, "Wameshajenga?"

"Wako kwenye msingi."

"Basi una bahati kubwa kuliko unavyostahili. Kivuko kesho saa ngapi? Tunakwenda wawili."

Mkuu wangu nilipomwambia asubuhi alitaka tuandike barua kwanza, ya kusema kwamba vipimo vinahakikiwa upya. Nikamwambia barua itafika wakati wanapaua. Akaniambia nikienda, ninakwenda kwa jina langu mwenyewe, si la kitengo. Nikasema sawa. Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na ile kazi ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Kijijini tukakuta mtaro umekamilika pande zote nne na rundo la mawe limepangwa kando, rundo kubwa kuliko nyumba. Bwana Mazigo akapiga kengele ya mkutano akidhani tumeleta habari njema. Watu wakakusanyika. Nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza, ila sasa bila mchoro.

"Niliwaambia uwanja huu uko salama," nikasema. "Nilikosea. Nilisoma nusu ya daftari. Maji yale yalikuwa mara mbili ya nilivyowaambia, na yalifunika mahali hapa. Mama Veneranda alisema kweli, na mimi nilimcheka mbele yenu. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Halafu Bwana Mazigo akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: "Mwalimu, mawe haya yamebebwa na wake zetu kichwani. Kutoka kule mlimani. Ulikuja na karatasi ukatuambia tujenge. Sasa umekuja mikono mitupu unatuambia tubomoe. Kesho ukija, utasema nini?"

Kijana mmoja akapaza sauti kwamba tumehongwa na wafinyanzi. Mwingine akasema tuendelee kujenga, maji ya miaka ile hayawezi kurudi. Mzee Magesa alifungua mdomo kunisaidia, lakini kabla hajasema, Mama Veneranda alipita katikati ya watu, akachukua jembe la mtu, akashuka ndani ya mtaro.

Alikwangua ukuta wa mtaro kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Udongo mweusi ukadondoka. Chini yake, kwenye kimo cha goti, kukatokea mstari mweupe wa mchanga, umenyooka kama umechorwa kwa rula, na ndani ya mchanga maganda madogo ya konokono wa ziwani, mamia kwa mamia. Akachukua kiganja kimoja akakipandisha juu, akamwekea Bwana Mazigo mkononi.

"Hawa hawatembei nchi kavu," akasema. "Waliletwa na maji. Nenda kwenye shimo langu utawaona tena, mstari huo huo. Panda mlimani, pale penye mawe, chimba mpaka uchoke: hutaona hata mmoja. Mstari unaishia pale kwenye ule ua wa mkonge. Pale ndipo ziwa liligeuka."

Watu wakaanza kushuka mtaroni, mmoja mmoja, kukwangua kuta wenyewe. Fundi aliyechimba kwa sululu alisimama ameshika kiuno, anaangalia mstari alioupita pande zote nne bila kuuona. Mimi nilishuka nikasimama karibu na Mama Veneranda.

"Mama, mbona siku ile hukutuonyesha hivi?"

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza bila ubaya. "Uliniuliza maji yalifika wapi, nikakujibu. Hukuniuliza ninajuaje."

Nimesoma vitabu vingi vya taaluma yetu, vya Wahindi waliotupa tarakimu, vya Waarabu waliozisafirisha, vya Wazungu walioleta ubao wa kipimo. Sijakuta somo linalozidi hilo. Ukienda kwa mtu usimuulize anaamini nini. Muulize anajuaje. Halafu ubebe udongo naye, maana mengi anayojua yako mikononi na hayatoki kwenye kiti.

Kuhamisha mawe kulichukua majuma. Wa kwanza kubeba walikuwa wafinyanzi wenyewe, wanawake saba, Mama Veneranda mbele. Siku ya pili wakaja wake wa wale waliomcheka. Siku ya tatu nilimwona Bwana Mazigo na jiwe begani, hasemi na mtu. Na mimi nilibeba. Nilikaa siku tisa, nikapata malengelenge, na Mzee Magesa, aliyekatazwa kubeba kwa sababu ya mgongo wake, alizunguka na mpira wa maji akihakikisha usawa wa msingi mpya na kumuuliza fundi namba zake ni za nini. Fundi alitamani kulia. Msingi ukapandishwa juu ya mstari wa mkonge, kwenye ardhi ngumu yenye mawe, na shule ikachelewa kwa msimu mzima. Kuna watoto waliopoteza msimu ule kwa sababu yangu. Hilo halifutiki.

Niliporudi nilikuta barua ya onyo mezani. Ninayo bado. Kisha nikaandika taarifa upya.

Nilipomaliza nikaenda tena Ukerewe, nikamsomea Mama Veneranda, yeye akifinyanga. Jina lake nilikuwa nimeliweka la kwanza, la pili jina la marehemu baba yake Bi Zuhura, la tatu langu, la nne la Mzee Magesa, ambaye aligombana nami kwamba hastahili. Mama Veneranda hakujua kusoma. Akaomba aonyeshwe jina lake. Nikamwonyesha: *V. Nyanjura*.

"Mbona fupi kuliko la huyu wa pili?"

"Hiyo V ni Veneranda. Tunafupisha, ndiyo utaratibu."

"Nani kakwambia ufupishe? Niliyekanyaga maji ni Veneranda. Huyo V simjui."

Ndiyo maana ukurasa wa mbele una jina refu. Mkuu alilalamika kwamba si utaratibu, halafu akatia saini. Miaka ilipita akawa anaionyesha taarifa ile kwa wageni kwa fahari, akiigonga kwa kidole. Zile karatasi mbili za rafu nilizibandua siku ile aliyotia saini, nikachanganya majalada yote kwa mwaka na mahali. Mkikuta Mmisionari na mganga wa Kizinza wamekaa bega kwa bega, msidhani ni uzembe.

Mambo mengine madogo. Andikeni kwa penseli. Wino unakimbia ukilowa, na mtalowa. Mtu akisema "nadhani", iandikeni hiyo "nadhani". Mtu akitaja kitu kwa Kijita au Kikerewe, andikeni kama alivyotamka, msimsahihishe. Nilimsahihisha mzee mmoja miaka minne kabla sijagundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa natamka vibaya. Siku hizi mna simu inayopiga picha ukurasa na kuutuma kabla hamjaketi. Vizuri sana, nawaonea wivu. Lakini ukurasa wa kwanza usio na namba pigeni nao.

Ziwa lilipanda kidogo na kushuka, mwaka hadi mwaka, na watu wakalizoea. Halafu miaka michache iliyopita, mimi nikiwa nimeshastaafu, zikaja zile mvua zilizokataa kukoma. Mliona wenyewe maji yalivyoingia kwenye nyumba za ufukoni hapa Mwanza. Mwalimu mkuu wa ile shule akanipigia: "Mama Minza, njoo uone." Magoti yangu hayapendi kivuko, lakini nilikwenda.

Uwanja wa zamani haukuwepo. Kulikuwa na maji, na ndani ya maji ungeweza kuona mraba mweusi wa mtaro wetu, ule ambao hakuna aliyejali kuufukia. Samaki wadogo, furu, walikuwa wanazunguka mle ndani kundi kwa kundi, wanakata kona zile nne vizuri kama wanafunzi wa gwaride. Nilisimama nikawaangalia muda mrefu katika darasa nililotaka kuwajengea watoto. Maji yalikuwa yanapanda kuelekea mkonge. Juu ya mkonge, shule ilikuwa kavu, na nilisikia watoto wanaimba jedwali la saba.

Mzee Magesa hakuiona siku hiyo, alikuwa ametangulia. Bi Zuhura pia. Lakini Bibi Veneranda alikuwepo, sasa ana miaka sabini na kitu, amekaa kwenye kiti cha mwalimu mbele ya darasa la sita, ana bonge la udongo wa mfinyanzi mapajani. Mwalimu mkuu humwita kila muhula afundishe kuhusu ziwa. Alikuwa anawapitishia maganda ya konokono wayashike. Nikakaa nyuma, kwenye dawati, magoti yakiugua.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Nyumba yao ilikuwa imeingiliwa na maji wiki ile, walilala kwa shangazi. Akauliza, "Bibi, yatashuka lini?"

Niliona watoto wengi wamelisubiri swali lile. Bibi Veneranda akanitazama mimi kule nyuma, kama anayeuliza kama mji una jibu lolote. Nikatikisa kichwa. Akamgeukia yule msichana.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Mama yangu naye hakujua. Yatashuka, hilo nimeliona. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika." Akanyoosha kidole chenye udongo kuelekea dirishani, kulikokuwa na maji. "Andikeni ninyi. Anzeni leo."

Watoto arobaini wakafungua madaftari.